Panya Huuma na Kupuliza

Kila aliyelala sakafuni utotoni amesimuliwa ufundi wa panya. Akikukuta usingizini, walituambia wakubwa, hung'ata kisigino, halafu hupapuliza palepale alipong'ata. Hung'ata tena, hupuliza tena, nawe unaendelea kukoroma. Asubuhi ukikanyaga chini ndipo unapojua kwamba usiku ulikuwa na mgeni. Sijakutana na mtu aliyemwona panya akipuliza. Lakini lugha imekwisha kuamini, na mtu anayekuumiza huku anakuchekea tunasema anauma na kupuliza.

Panya wa Vellore, kusini mwa India, hawakuwa na haja ya kupuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na vibanda karibu na chuo cha udaktari cha mji huo, na ndani ya vibanda waliishi vijana wenye ukoma, wengi wao wakiwa wametoka kwenye meza ya upasuaji na mikono iliyonyooshwa upya. Ikazuka shida. Kijana analala na vidole vyake, anaamka kimoja kimepungua. Hakupiga kelele usiku, hakuota hata ndoto mbaya. Waliosikia walisema ndio ukoma huo, unakula vidole, ajabu iko wapi? Ikabidi mtu akeshe kuangalia. Usiku wa manane panya akapanda kitandani, akanusa mkono, akaanza kutafuna. Mwenye mkono alilala fofofo. Tangu hapo likawa sharti: mgonjwa akiruhusiwa kurudi kwao, haondoki bila paka.

Daktari wa sharti hilo ni Paul Brand, bingwa wa upasuaji wa mkono, mmishonari mtoto wa wamishonari. Ametunukiwa nishani, ameandikiwa vitabu, na mwenyewe aliandika kadhaa pamoja na mwandishi Philip Yancey. Wanaomsifu humchora ameshika kisu. Mimi nikimfikiria humwona amempakata paka.

Kiswahili kimeufunga ugonjwa na meno. Kichwa kinauma, tumbo linauma, na mgonjwa wa lolote lile tunasema anaumwa, kana kwamba kila maradhi ni mnyama aliyeingia ndani. Ukoma unaiumbua lugha hapo. Mwenye ukoma anaumwa bila kuumwa. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873, anapenda ubaridi, kwa hiyo anakwenda kukaa kwenye mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi: kiwikoni, kwenye kifundo cha mkono, gotini, kifundoni mwa mguu, usoni. Mwili unapopambana naye mshipa unavimba, unajibana wenyewe, unakufa. Brand aliiona mishipa hiyo kwa macho yake alipoufungua mwili wa mgonjwa aliyefariki, kazi iliyobidi kumalizwa usiku huohuo kabla ndugu hawajaja kuuchukua kwenda kuuchoma: hapa mshipa mwembamba na mzima, pale umevimba, na kila palipovimba palikuwa pahali pa juujuu na pa baridi. Ukijigonga kiwiko kwenye ncha ya meza, ule mshtuko unaokimbilia kwenye kidole kidogo unatoka kwenye mmoja wa mishipa hiyo. Sisi mguu ukifa ganzi kwa kukaa vibaya ibadani tunacheka, tunaupigapiga, unafufuka na sindano zake. Wa wenye ukoma haufufuki.

Brand alizaliwa tarehe 17 Julai 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India, ambako baba yake, Jesse, na mama yake, Evelyn, walikuwa wakihubiri, wakijenga, na kutibu kwa elimu ya tiba isiyozidi kiganja. Masomo ya nyumbani aliyafanya juu ya mti. Mama alikubali, mradi hesabu zishuke zimekamilika. Alimwona baba akivuta minyoo mirefu kutoka miguuni mwa watu na kukamua majipu, akauchukia udaktari. Siku moja walifika wanaume watatu. Baba, ambaye aliwagusa watu wote kwa mikono mitupu, safari hii alivaa glavu, na watoto waliamriwa wakae mbali. Huo ndio ukoma wa kwanza aliouona: hakuambiwa jina lake, aliona tu kwamba baba amevaa glavu.

Mwaka 1923, akiwa na miaka 9, alipelekwa Uingereza kusoma. Baba yake hakumwona tena. Jesse alikufa mwaka 1929 kwa malaria ya mkojo mweusi. Telegramu ilikimbia kuliko meli, hivyo kwa muda baada ya habari za msiba barua za marehemu ziliendelea kufika, zikieleza miti na ndege wa milimani, zikimwuliza mwanawe habari za shule. Nimejaribu kuwaza kijana wa umri ule anafungua bahasha ile. Nimeshindwa, na naona heri niache.

Alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu. Alikwenda kujifunza ujenzi, miaka mitano, mawe na mbao, kwa sababu alitaka kurudi India kama baba yake, na baba yake alikuwa mjenzi. Wanaomwandika hupenda kuiita miaka hiyo njia ya mzunguko. Msomaji wa Kiswahili haoni mzunguko wowote, maana kitenzi ni kimoja: fundi anapasua mbao na daktari anapasua mtu. Aliyeshika randa anajua kwamba mbao ina uelekeo wake, ukiukaidi inachanika. Baadaye, katika mwaka mmoja wa mafunzo ya tiba kwa wamishonari, alimwona mwanamke aliyeletwa mweupe kama karatasi akirudishwa na damu ya chupa, mashavu yakipata rangi mbele ya macho yake. Chuki ya utotoni ikaishia hapo. Akaingia Hospitali ya University College, London, mwaka 1937, na mabomu ya Wajerumani yalipoanza kuanguka juu ya mji alikuwa miongoni mwa waliokesha na majeruhi. Mwaka 1943 alimwoa Margaret Berry, mwanafunzi mwenzake. Mwishoni mwa 1946 alikuwa Vellore, katika hospitali iliyoanza mwaka 1900 kwa zahanati ya kitanda kimoja ya daktari Ida Scudder.

Saa chache huko Chingleput, kusini mwa India vilevile, mwaka 1947, zilimgeuza. Robert Cochrane, bingwa wa ukoma, alimtembeza katika makazi ya wagonjwa. Brand alitazama mikono: vidole vimejikunja kama kucha za kunguru, vingine vimebaki vigutu. Aliuliza ni daktari gani wa mifupa na misuli anayeishughulikia mikono hii. Hakuna. Ugonjwa mkongwe kuliko vitabu vyetu, mamilioni ya mikono, na hakuna aliyekwenda kuikagua kama mikono. Alimwomba kijana mmoja ambane kiganja kwa nguvu zake zote. Alitegemea mbano wa mgonjwa, akapata koleo. Aliumia, akamtazama kijana usoni kuona kama ni uadui. Kijana alikuwa akitabasamu tu. Hakuwa na namna ya kujua kwamba anaumiza.

Maumivu yale ya daktari ndiyo yaliyokuwa kipimo. Kama mkono unabana hivyo, basi misuli mikubwa iliyo juu, kwenye nyama yenye joto ya mkono, haijaguswa. Iliyokufa ni ile midogo ya kiganjani. Na kano ya msuli ulio hai inaweza kukatwa mwisho wake, ikagawanywa, ikapitishwa chini ya ngozi njia nyingine na kushonwa pale pengine palipolegea. Fundi wa vitanda vya kamba atalielewa jambo hili kabla ya mwanafunzi wa udaktari: kamba nzima unaivuta upande uliozama. Kilichozuia ni imani, iliyoshikwa hata na madaktari, kwamba nyama ya mkoma ni mbovu na jeraha lake halifungi. Waliojitolea kuwa wa kwanza walikuwa watu wasio na cha kupoteza. Majeraha yalifunga. Vidole vilinyooka. Kisha zikaja wiki za kuufundisha ubongo: unakusudia kukunja kidole kimoja, kinajikunja kingine, unaanza tena.

Tuna methali isemayo mkono usioweza kuukata, ubusu. Kwa mikono ya wakoma hospitali nyingi hazikufanya hata moja kati ya hayo mawili, ziliifungia mlango.

Lakini hadithi ya mikono iliyonyooka, ikiishia hapo, ni hadithi ya daktari tu. Mmoja wa wale wa kwanza alirudi baada ya muda, amekonda, na kumweleza Brand kwamba mikono hii ni mibaya kwa kuomba. Zamani, na kucha zake za kunguru, wapita njia walimwonea huruma wakatupa sarafu. Sasa mikono inaonekana mizima, sarafu hazitupwi, na makovu ya ukoma usoni yanatosha kumnyima chumba na kibarua. Mpasuaji alikuwa amempokonya riziki.

Nadhani hapa ndipo Brand alipoacha kuwa daktari wa mikono na kuanza kuwa daktari wa watu, ingawa kisu hakukiweka chini kwa miaka mingi bado. Vikajengwa vile vibanda, Kituo cha Maisha Mapya, na yule aliyejifunza useremala London akavua koti jeupe akasimama mbele ya meza ya seremala. Waliranda, wakapiga msasa, wakatengeneza midoli ya mbao ya kuuza. Na kwa sababu sasa aliishi nao mchana kutwa, akiwaona na nyundo mkononi badala ya kuwaona wamelala chini ya taa, alianza kuona asichokiona mpasuaji.

Siku moja kufuli la ghala lilikuwa limeshika kutu. Brand alihangaika na ufunguo, haukuzunguka. Kijana mdogo, miaka kama 10, akamwomba ampishe, akaushika, akauzungusha, kufuli likafunguka. Brand akashangaa nguvu zimetoka wapi, kisha akaona damu. Ufunguo ulikuwa umekata ngozi na nyama mpaka mfupa ukaonekana. Mtoto hakuwa na habari. Wewe na mimi tungeacha zamani. Si kwamba mikono yetu ni dhaifu, ni kwamba ina breki.

Kuanzia hapo kila kidonda kilifanyiwa upelelezi kama wizi. Hiki cha kiganjani ni mpini wa nyundo wenye kibanzi. Hiki ni sufuria iliyoshikwa bila kitambaa. Hiki, katikati ya vidole viwili, ni sigara iliyoachwa iungue mpaka mwisho. Hivi vya usiku ni panya. Orodha ikawa ndefu, na mwisho wake haikubaki nafasi ya ule ukoma unaokula vidole. Nyama ilikuwa nzima. Vidole vilimalizwa na maisha ya kawaida, kidogo kidogo, katika mwili usiopigiwa kengele.

Mwenzake wa nyumbani, Margaret, aliyesukumwa kwenye tiba ya macho bila kuiomba, alikuta habari ileile usoni. Jicho lenye ganzi halipepesi. Vumbi linatua, linakwaruza, halimkeri mwenyewe, na mtu anakuwa kipofu bila siku hata moja ya maumivu. Dawa yake ilikuwa ya ajabu: kipande cha msuli wa kutafunia kinaunganishwa na kope, ili kila mgonjwa akitafuna, jicho lifumbe. Kwa hiyo wanatafuna. Ukimkuta mmoja wao akitafuna mbele ya wageni, usidhani hakufunzwa adabu.

Sasa, huyu alikuwa mmishonari, na neno hilo kwetu lina uzito wake. Alikuja chini ya bendera iliyokuwa ikitawala, chini ya mwaka mmoja kabla haijateremshwa. Vitabu vingi vya kimisheni vinamjaza mzungu jina, sura na mashaka, halafu mgonjwa anabaki mkono tu. Hata kisa cha ufunguo tumekipokea kutoka kwa mwenye kufuli. Mtoto wa miaka 10 hatukusikia alisema nini. Sitaki kumfuta Brand deni hilo. Lakini nikitafuta mahubiri yake, ninalolijua zaidi linahusu mikono. Alikuta wagonjwa wamekusanyika jioni, wamekaa mikono yao wameificha, wengine chini ya nguo, akaombwa aseme neno. Alisema juu ya mikono ya Yesu: ya mtoto mchanga isiyoweza kushika kitu, ya seremala yenye sugu na kucha zilizovunjika, ya mganga aliyewagusa wasioguswa. Kisha ile iliyopigiliwa. Kama mpasuaji alijua msumari ukipita pale unachana nini, na vidole hujikunja vipi baadaye. Mikono ya mwisho ya Bwana wake, alivyoiona yeye, ilikuwa kucha za kunguru. Wagonjwa walipoinuka kuagana, wakiunganisha viganja kama desturi ya kwao, hapakuwa na mkono uliofichwa. Unaweza usiwe Mkristo, na bado ukaona kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyekuwa akitazama.

Na woga wa baba mwenye glavu ulikuwa bado haujamtoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akitoka safari ndefu ya Marekani kwa meli, alipanda treni mpaka London akafikia hotelini. Alivua soksi, akaona kisigino hakina hisia. Akachukua pini, akajichoma chini ya kifundo. Kimya. Akachoma zaidi, damu ikatoka, kimya. Usiku ule hakulala. Aliishi maisha yake yaliyobaki usiku mmoja: atamkimbia mkewe, hatawashika watoto, atakuwa upande ule wa glavu. Alfajiri akaichukua pini tena, akachoma, akapiga ukelele. Ilikuwa ganzi ya kukaa vibaya ndani ya treni, ileile tunayoicheka. Alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kushukuru kitu kama alivyoushukuru ule mchomo.

Mwaka 1966 familia ilihamia Carville, Louisiana, kwenye hospitali ya serikali ya Marekani ya wenye ukoma, kando ya mto Mississippi, na hapo alifanya kazi miaka 20. Fedha zilikuwepo, wahandisi walikuwepo. Akataka kuwatengenezea wagonjwa maumivu. Glavu na soksi zenye vihisio vidogo: ukibana kupita kiasi, kengele inalia sikioni. Wagonjwa walizizoea kengele. Ikaongezwa shoti ya umeme, ikaelekezwa kwapani ambako hisia hazijafa. Hiyo iliuma kwelikweli. Na mgonjwa aliyetaka kukaza parafujo iliyogoma alifanya nini? Alizima mtambo, akakaza, akauwasha tena. Mradi ukaachwa baada ya miaka. Wengine hushangaa, mimi sishangai, kila alfajiri nanyoosha mkono nazima kengele ya simu.

Dawa zilikuwa zimekwisha kupatikana. Dapsone ilianza kutumika katika miaka ya 1940, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa zinazomaliza kazi kwa miezi. Bakteria anakufa. Ganzi iliyokwisha kuingia inabaki. Kwa hiyo yule bingwa aliyejulikana duniani kwa kuhamisha kano alizidi kusogea kuelekea chini, kwenye nyayo. Tangu Vellore alikuwa ameandama raba laini ya kandambili isiyochoma na isiyobana. Huko Carville alichunguza mguu mzima unavyotua, hatua kwa hatua, na jinsi hatua moja isiyo na kosa inavyoua nyama ikirudiwa palepale mara elfu. Kidonda cha unyayo alikifunga hogo na kumpumzisha mgonjwa, kikapona. Na alijizoeza kupapasa nyayo za wagonjwa kwa kiganja, akitafuta joto. Pale palipo na joto kuliko jirani yake, hata bila kidonda, ndipo kesho patakapochanika. Alianza na kisu, akaishia na viatu na kiganja.

Katika wodi za Marekani alikutana na miguu ileile isiyo na ukoma. Ilikuwa miguu ya wagonjwa wa kisukari.

Hapo namfikiria shangazi yangu, ambaye hakuwahi kumsikia Paul Brand. Ana sukari mwaka wa kumi na tano. Mwaka juzi alishinda kutwa nzima na msumari ndani ya kandambili yake, sokoni na kurudi, akapika, akafua. Jioni mjukuu aliona michirizi kwenye saruji, akauliza, bibi, hii damu ya nani? Walimtibu, kidole kimoja kikaenda. Siku hizi anakung'uta viatu kama anafukuza nge, na kitandani kuna paka, japo huyo yupo kwa sababu zake mwenyewe.

Brand alifariki Seattle tarehe 8 Julai 2003, akiwa na miaka 88. Mama yake, aliyekataa kustaafu, alikuwa amemtangulia mwaka 1974 akiwa na miaka 95, akazikwa kulekule milimani kando ya Jesse.

Nikienda kumwamkia shangazi jioni hatuanzi na habari za mjini. Naitikiwa shikamoo, navutiwa kigoda, naye ananyoosha miguu yote miwili juu ya mapaja yangu. Unyayo ni mgumu kama ganda la kifuu, mwembamba pale kidole kilipoondoka. Naupapasa polepole kuanzia kisiginoni, kulia kisha kushoto, nikilinganisha.

"Haya mwanangu," ananiambia, huku akimtazama paka, "hebu niambie. Pananiuma wapi leo?"